Taa ya Tisa Isiyo na Wakubwa

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, nilipoingia kwa Papa Kazadi na taa mkononi kumwomba binti yake Bernadette, nikatoka bila binti na taa ikifuka moshi. Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinionyesha programu yako ya simu, imezaliwa juzi, na tayari umeiita toleo la kumi na mbili. Nilicheka, ukanuna. Lakini nilikuwa najicheka mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na karakana ndogo katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Umeme ulikatika kila siku, nami nikaunda taa ya betri inayochaji simu pia. Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu. Lakini nani ananunua ya kwanza? Niliona makampuni makubwa ya ng'ambo yanaruka namba yanavyotaka, na jirani yangu alikuwa anauza taa namba nane. Basi yangu nikaiandika kwa rangi nyekundu: Nuru Super 9. Hiyo Super sikujua maana yake, ila ilijaza nafasi vizuri.

Papa Kazadi alikuwa fundi mstaafu wa reli. Akavaa miwani, akasoma, akaigeuza taa juu chini.

"Hii ni ya kenda," akasema. "Ile munane ya kwanza iko wapi?"

Nikamweleza kwamba hazipo, namba ni ya kuvuta wateja tu. Akanijibu kwamba kwenye reli injini ya tisa ilikuwa na wakubwa wake nane waliozaliwa kabla yake, na kila mmoja aliwafundisha mafundi kosa lake. Tulipoanza sala ya chakula, Super ikazimika. Kabla ya Amina ikaanza kunuka. Mama mkwe akaishika kwa waya, kama mtu anayemtoa panya kwa mkia, akaipeleka uani. Bernadette aliinamia sahani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilimpenda sana.

"Uniletee ile munane," mzee akasema, "njo tutasema mambo ya mutoto wangu."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na baba mkwe. Nikarudi karakanani kuanza na moja. Ilikuwa nzito hata ikahitaji toroli. Ya pili iliua simu ya katekista, naye alinisamehe, ila si siku hiyo. Ya tatu iliwaka vizuri sana lakini haikukubali kuzimwa. Papa Kazadi alizipokea zote, akaandika kosa la kila moja kwenye karatasi, akazipanga kabatini karibu na sanamu ya Bikira Maria, mpaka wageni wakauliza tunasali novena gani ya siku tisa.

Miezi ilipita. Wachumba wengine walikuwa wanafika pale na vitenge na sabuni, mimi nafika na makosa. Kwenye ya sita nilitaka kuruka tena hadi tisa. Bernadette akaniambia nikiruka, nisirudi.

Ya tisa iliwaka wakati wa sala, wakati wa bukari, ugali wetu, na samaki, na wakati wa hotuba ndefu ya shangazi. Mzee akaitisha brashi, akaandika 9 kwa mkono wake. Super hakuiandika.

"Sasa iko na bakubwa yake," akasema. "Enda ukaite baba yako."

Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeanza na moja watu humvumilia akikosea. Aliyejiita wa tisa hakuna anayemwonea huruma. Futa hiyo kumi na mbili, andika moja, wala usione haya. Kosa la kwanza liandike, lipe nafasi kabatini, kisha uende kwenye mbili.

Mungu abariki mikono yako namba kwa namba, na akujalie mtu mmoja mkali wa kukuuliza zilizotangulia ziko wapi. Mke wangu Bernadette anakusalimu. Ile ya sita bado inamwakia jikoni.