Sura ya Chatu wa Karusandara

Mimi sikuumbiwa kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Baba alikuwa mwanajeshi, tuliishi kambini, na kila tulipoanza kuwajua majirani tulihamishwa. Huko ndiko nilikokipata Kiswahili changu, pamoja na usingizi mwepesi. Sasa nina studio mjini Kasese, chumba kimoja chenye pazia jeupe na stuli, na kazi yangu ni kuwaambia watu wakae wima, wafunge mdomo, waonyeshe masikio yote mawili. Kutwa natazama sura za watu wanaotafuta pasipoti. Wao wanaondoka, mimi nabaki, na jioni miguu inaniwasha.

Siku za soko hufunga studio nikashuka Bwera kwa pikipiki. Nyuma ya baa moja karibu na njia ya mpakani, mzee mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alifuga chatu kwenye banda la waya. Namwita mzee kwa heshima tu, maana sisi ni rika. Alivaa medali ya Bikira Maria shingoni, na kibali chake cha kufuga chatu mmoja alikitia kwenye fremu kama cheti cha ndoa. Watu waliotoka sokoni walivishwa chatu mabegani, nami nikawapiga picha na kuwatolea hapo hapo kwa mashine ndogo. Ili nyoka asilete ukorofi, mwenyewe alimfunika tangu asubuhi kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya baridi, damu yake ikalala. Kwa hiyo picha zangu zote zilikuwa namna moja: mtu anakenua meno, na nyuma ya sikio lake kichwa cha nyoka kimelegea kama mkanda. Nilizichukia picha hizo. Zilinilisha, na bado nilizichukia.

Basi siku moja akaja studio mama mmoja wa Karusandara kupiga picha ya kitambulisho. Aliiona picha ya chatu ukutani, akaikazia macho kwa dharau, akasema huyo ni mgonjwa. Kama nataka kuona chatu, niende shambani kwake.

Nilikwenda kesho yake. Shamba lake la mahindi linaishia kwenye nyasi ndefu, na chini ya kichuguu kuna shimo lililochimbwa na muhanga, likarithiwa na ngiri, na sasa lilikuwa la chatu. Mama hakutaka aguswe. Ndezi walikuwa wakimmalizia mahindi, na tangu chatu ahamie pale ndezi walipungua. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Yeye alisema waache waone hivyo, wakati wa kuvuna wataonana.

Nililala kifudifudi kwenye nyasi, kamera mbele yangu, jua la Karusandara likinichoma kisogo. Mguu wangu wa kulia ulianza kutikisika peke yake. Nikatazama simu. Nikageuka. Nikanywa maji. Mwishowe nilichoka, nikaondoka, na mama akanipigia simu akicheka kwamba chatu ametoka mara tu nilipowasha pikipiki. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, akanicheka tena. Haraka haraka haina baraka, akaniambia, kana kwamba mimi ni mwanawe.

Safari nyingine nilizima simu, nikauma kola ya shati, nikangoja. Alitoka polepole, kichwa kwanza, mwili mnene ukifuata bila kelele hata kidogo. Yule wa Bwera alikuwa na rangi ya vumbi, huyu aling'aa kama amepakwa mafuta. Moyo ulinidunda hadi nikahofia atausikia kupitia udongo. Nilimpiga kama ninavyowapiga wateja wangu: mbele, kushoto, kulia. Chini ya jicho la kulia alikuwa na doa jeusi lililogawanyika mara mbili, na ubavuni mabaka yake hayakukutana sawasawa, kama kitenge kilichoungwa na fundi mwenye haraka.

Mama alikuwa ameshamulika ndani kwa tochi na kuona mayai meupe yaliyogandamana. Chatu jike akiwa na mayai hali kitu. Hutoka kuota jua mlangoni, na akishapata joto anarudi kuyazungushia mwili. Hapo nikapata jambo la kunikosesha usingizi. Nilitaka picha moja: watoto wameanguliwa, wamelala juu ya mgongo wa mama yao kwenye mdomo wa shimo. Sijawahi kutaka kitu kwa kiasi kile. Kila alfajiri nilikwenda Karusandara, nikachungulia, nikarudi kufungua studio na nyasi kwenye nywele.

Siku ya soko nikashuka Bwera kama kawaida, alfajiri hiyo bila kupitia Karusandara. Mzee wa Butembo alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alivuta magunia yaliyolowa, akamtoa nyoka, akamweka mabegani mwa mteja wa kwanza, mwanamke aliyevaa miwani ya jua. Niliinua kamera. Doa chini ya jicho la kulia lilikuwa limegawanyika mara mbili.

Nikashusha kamera, nikaiinua tena. Mteja akauliza kama amekaa vibaya. Nilizunguka upande wa pili, nikatazama ubavu, na mabaka yalikosana pale pale nilipoyajua. Nilimuuliza mwenye banda amempata wapi huyu.

"Iko nyoka yangu ya siku yote, ndugu," akasema. "Alibadilisha tu ngozi."

Nikampigia simu mama wa Karusandara. Kabla sijasema neno, aliniuliza nimempeleka wapi nyoka wake. Jana alishinda matangani, na aliporudi alikuta nyasi zimelala, alama za kuburuta, na mayai peke yake shimoni. Nani mwingine alikuwa akichungulia pale kila siku kama mwizi? Alinitukana kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, na nashukuru sikuelewa yote.

Hasira yangu haijui foleni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi, nikamwonyesha afande picha za Karusandara, nikamwongoza hadi kwenye banda. Afande yule alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, amechoka na mambo ya mpakani. Alilinganisha picha na nyoka, akakubali kwa kichwa. Muda si muda mzee wa Butembo alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo bila viatu, na chatu yumo ndani ya pipa lenye mfuniko uliotobolewa, kwenye chumba cha nyuma. Nilijisikia vizuri sana. Nikamuuliza afande tunampeleka nyumbani saa ngapi.

"Kwenda wapi?" akasema. "Hii ni kidhibiti. Inakaa hapa mpaka kesi iishe."

Nilimuuliza kesi huchukua muda gani. Alinionyesha baiskeli iliyoegemea ukuta wa nje, nayo kidhibiti, matairi yameoza na mmea wa maboga umepanda hadi kwenye usukani.

Kilichobaki kilikuwa neno langu. Mzee alikuwa na kibali cha chatu mmoja, na mbele ya sheria chatu ni chatu. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, na kutia saini, kwamba huyu ndiye niliyempiga picha Karusandara. Afande alisema anywe chai kwanza, ndipo aandike.

Alipotoka, mzee wa Butembo alianza kuongea kwa sauti ya chini. Chatu wake wa zamani alikufa usiku wa mvua, baada ya soko lililopita. Banda tupu halilishi watoto. Watu wakamletea gunia, akalipokea, hakuuliza limetoka wapi. Mayai hakuyajua. Nilipomwambia habari za mayai alishika medali yake.

"Ukisema haiko yeye, batanirudishia," akasema. "Mi mwenyewe nitamurudisha ku mayai yake, leo. Naapa mbele ya Mama Maria."

Huyu huyu asubuhi alinidanganya mchana kweupe. Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Askari wa zamu akaniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena. Nikisema kweli, mzee atapata anachostahili, chatu atajikunja ndani ya pipa, na mayai yatapoa moja baada ya jingine kule Karusandara. Nikisema uongo, nitakuwa mpiga picha asiyejua sura, na sura ndiyo ugali wangu. Tena nani alinihakikishia kwamba mzee hatamrudisha nyoka kwenye banda lake na kunicheka? Nilimchukia, nikaichukia baiskeli ile, nikayachukia macho yangu yaliyoona vizuri mno. Joto la mchana lilikuwa likipita.

Afande akarudi akijifuta mdomo.

"Sema. Nyoka hii ni ile?"

"Sio yeye, afande. Nimekosea."

Alinitazama. Akaitazama kamera, akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Hakuwa mjinga, doa lile hata mtoto angeliona. Nadhani alipima kazi ya kuandika, na safari za mahakamani, na kulisha nyoka. Alimtupia mzee viatu vyake.

"Toa nyoka yako hapa," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na picha ya hiyo shimo, nisione tena. Nikiona, nyinyi wawili mnalala ndani."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kutoka Bwera hadi Karusandara, juu ya pikipiki, mzee wa Butembo nyuma yangu na gunia katikati yetu. Alisali rozari njia nzima. Mwanzoni gunia lilikuwa zito na baridi mgongoni mwangu. Tulipopita Kasese likaanza kupata joto kutoka kwa miili yetu, na nikahisi kitu ndani kinajinyoosha taratibu kwenye uti wa mgongo wangu. Niliongeza mwendo. Sikuthubutu hata kukohoa.

Mama hakutusalimia. Alikuwa ameziba mdomo wa shimo kwa majani makavu ili upepo usiingie, na sasa aliyaondoa kwa mikono yake, akamuuliza mzee kama sasa ni yeye atakayewazuia ndezi wasile mahindi. Mzee alivua kofia, akaomba msamaha. Tulifungua gunia. Chatu alilala pale kidogo, akatoa ulimi, kisha akaelekea upande mwingine kabisa, kwenye nyasi. Mzee alinishika mkono, nami nikamwacha anishike. Ndipo chatu akapinda, akafuata ukingo wa kichuguu, akaingia. Mkia wake ulichukua muda mrefu kumalizika.

Mzee wa Butembo alitangaza kwamba nyoka wake amekufa, na banda lile sasa ni la sungura. Watu wa Bwera hunitania kwamba mimi nilishindwa kutofautisha nyoka na nyoka, na wapo waliohamia kwa mpiga picha mwingine. Inaniuma. Siwezi kuwaeleza.

Majuma yalipita, mama akanipigia simu na kusema neno moja tu, njoo. Niliacha mteja kwenye stuli. Nilipofika, mayai mengine yalikuwa yameoza, mama alinieleza, lakini si yote. Chatu alikuwa amejilaza kwenye mdomo wa shimo akiota jua, na juu ya mgongo wake watoto walikuwa wamelala ovyo, wembamba, mabaka yao bado mapya. Mwanga ulitoka ubavuni, laini. Nililala kifudifudi, nikaweka jicho kwenye kamera, nikalenga. Alikuwa amegeuza upande wa kulia. Doa lilionekana wazi, nusu mbili, na nyuma yake kichuguu ambacho mtu yeyote wa Karusandara angekitambua. Kidole kilikuwa kwenye kitufe.

Mama alichuchumaa kando yangu.

"Sasa mbona haupigi?" akanong'ona. "Si ndiye huyu?"

Nikafunika lenzi. Nilimwambia sio yeye, na sote wawili tukaendelea kumtazama.