Viriba vya Maganda

Chuoni walimwita Maganda, na jina likamganda kwelikweli. Kila alasiri msichana huyo alizunguka na ndoo kwa wauza juisi, akakusanya maganda ya machungwa na maembe, akayapeleka kwenye chumba cha nyuma cha maabara. Huko aliyakausha, akayasaga, akayachanganya na vumbi la mbao, kisha akapandikiza mbegu ya uyoga. Nyuzi nyeupe zilitambaa ndani ya mchanganyiko zikaushika pamoja. Akishauoka, alitoa kikombe chepesi chenye rangi ya mkate: kiriba cha kuoteshea mche, kisichohitaji nailoni, cha kufukiwa ardhini pamoja na mizizi kikaoza chenyewe. Wenzake walimtania kwamba siku akiolewa hatahitaji marashi. Naye alicheka nao.

Wazo lilizaliwa kwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Shangazi alikuwa na kitalu cha miche ya matunda kando ya barabara. Wateja walichana viriba vya nailoni papo hapo na kuvitupa, mtaro ukaziba, na watu wa usafi wakaanza kumtishia kumwondoa. Maganda akamwahidi dawa. Shangazi hakuuliza maswali mengi. Msimu ulipofika, alihamishia karibu miche yake yote kwenye vikombe vya mtoto wake.

Maabarani vikombe vile vilikuwa vimefanya vizuri, vikimwagiliwa kidogokidogo chini ya paa. Kitaluni ilinyesha mvua ya kufululiza. Vikombe vikalainika, vikamomonyoka kama biskuti ndani ya chai, na ukungu ukapanda hadi kwenye mashina. Maganda alipofika alikuta miche imelala chini, mizizi nje. Shangazi alikuwa amechuchumaa akijaribu kuisimamisha mmoja mmoja kwa vidole. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba wateja waliokuwa wameagiza wameshakwenda kwingine.

Maganda akaenda kwa mwalimu wake kuomba kujitoa kwenye maonyesho ya miradi ya wanafunzi. Mwalimu, mtu mpole asiyependa makuu, alimwambia wageni wameshaalikwa, na marekebisho yatakuja baadaye. Kwani, akamuuliza, alikuwa ameitwa mahakamani kutoa ushahidi? Msichana akaondoka, lakini moyoni alikata shauri kwamba akiulizwa atasema ukweli, liwalo na liwe.

Siku ya maonyesho shangazi alitokea bila kutarajiwa, amevaa gauni lake la kutokea na mkoba kwapani. Akasimama pembeni ya meza. Majaji walipofika, mkubwa wao aligeuza kikombe mkononi, akauliza kama kimewahi kutumika popote. Maganda akafungua mdomo.

"Kwangu," shangazi akamuwahi. "Nina kitalu. Miche imesimama mpaka majirani wananionea wivu."

Maganda akamgeukia. Shangazi alikuwa anamtazama jaji, anatabasamu, na chini ya meza alikuwa amemkanyaga mguu. Msichana akafunga mdomo.

Wakampa ushindi. Wakapigwa picha, shangazi katikati.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Miche ilishakufa," shangazi akasema njiani. "Nisingesimama pale nione na wewe unakufa mbele za watu."

"Sasa nani atanisaidia kuvirekebisha, Shangazi? Wote wanajua vinafanya kazi."

Shangazi alihamisha mkoba kwapa la pili, wakaendelea kutembea.

Ikawa vilevile Maganda alivyohofia. Chumba cha nyuma kikapewa wanafunzi wengine, kwa kuwa mradi wake ulishafaulu. Vikombe vikawekwa kwenye kabati la vioo mlangoni mwa chuo. Mwenye kitalu mmoja wa mbali aliposikia habari hizo akapiga simu kuagiza, akapiga tena na tena, na kila mara Maganda alimwambia vimekwisha. Mwishowe akaacha kupokea.

Shangazi hakupata cha kujazia kitalu msimu uliofuata. Watu wa usafi walipokuja hawakukuta hata mche wa kubishania, wakampa muuza matofali sehemu ile. Sasa shangazi anafua nguo za watu. Maganda alimaliza chuo, akapata kazi kwenye duka la ndoo, mabeseni na mifuko ya nailoni.

Aliwahi kujaribu tena nyumbani, kwenye sufuria kuukuu uvunguni mwa kitanda. Nyuzi nyeupe hazikutokea. Ulikuja ukungu wa kijani na harufu iliyojaa chumba kizima. Shangazi alifungua dirisha, akampokea sufuria mikononi, akaenda kuimwaga jalalani. Aliporudi aliiosha, akaipangusa, akabandika maharage.