Daktari Mkono Alala Kitandani

Wagonjwa ndio waliompa jina la Daktari Mkono, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kliniki yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: chumba cha kungojea chenye mabenchi marefu, na chumba kingine chenye kitanda, pazia na beseni la kunawia. Kabla hajakuandikia kipimo chochote, alikulaza, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, kisha akakushika tumbo huku akikuuliza habari za nyumbani. Vijana waliokuja kujifunza kazi kwake waliondoka na maneno yake kichwani: "Mkono kwanza. Mashine haijawahi kumpa mtu pole."

Semina za madaktari hakuzipenda hata kidogo. Lakini bila pointi za semina leseni haihuishwi, na bila leseni kliniki inafungwa. Basi asubuhi moja alijikokota mpaka ukumbi wa chuo cha uuguzi, kwapani gazeti, mkononi mto. Mto ulikuwa kwa ajili ya mgongo. Kwa siku kadhaa mgongo ulikuwa ukimuuma chini upande wa kushoto, naye lawama zote alizitupia kiti cha kliniki. Alimeza vidonge vya maumivu, akaendelea na kazi.

Mkewe, nesi mstaafu, alikuwa amemcheka mlangoni pa nyumbani. "Bwana mkubwa, unakwenda kusoma au kulala?"

"Nakwenda kuchukua pointi zangu, mama watoto. Mchana niko kliniki."

Alikaa safu ya nyuma kabisa, kando ya rafiki yake wa siku nyingi, daktari wa macho, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Mkufunzi alikuwa daktari kijana, binti mwembamba ambaye koti jeupe lilimpwaya mabegani. Zamani alijifunza kazi kwa Daktari Mkono. Alipomwona, alikuja mpaka kule nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kumbe leo wewe ndiye mwalimu? Usinichape tu."

Somo lilikuwa la altrasaundi, mashine ya kuonyesha picha za ndani ya mwili, ile ndogo inayoingia kwenye begi, ambayo sasa hata daktari wa kliniki ya mtaani anaweza kuwa nayo. Kawaida ya mafunzo hayo ni madaktari kupimana wao kwa wao: mmoja analala, wenzake wanatazama picha ikitupwa ukutani. Binti aliuliza nani atajitolea. Ukumbi mzima ukaanza kukagua viatu. Madaktari wanapenda kulaza watu, lakini kulala wenyewe ni habari nyingine.

"Mchukueni Mkono!" alipaza sauti daktari wa macho. "Tumbo lake halina mafuta, picha itatoka kama kioo. Tena mto kaja nao!"

Watu wakacheka. Daktari Mkono akacheka pia, akapanda kitandani na kupandisha shati.

Jeli ilikuwa baridi. Binti alitelezesha kichwa cha mashine juu yake polepole, akionyesha ini, kifuko cha nyongo, figo. Vyote vizuri.

"Na ubahili umekaa wapi?" aliuliza daktari wa macho. Vicheko tena.

"Sasa tuutafute mshipa mkuu wa damu," alisema binti, "ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni, mbele ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima unakuwa na unene kama wa..."

Hakumaliza. Alibonyeza kitufe, akapima, akapima tena.

"Vipi, betri imekufa?" aliuliza Daktari Mkono.

Aligeuza shingo kutazama ukutani. Picha za namna ile siku zote alizichukulia kuwa mvua ya kijivu tu, lakini hii haikuhitaji mwalimu. Pale ambapo alitarajia duara dogo, lilikuwepo shimo jeusi, kubwa kama ngumi, linatanuka na kunywea, linatanuka na kunywea. Aliwatazama wenzake. Rafiki yake alikuwa ameachama.

"Ile ni ya nani?" aliuliza Daktari Mkono.

Alijisikia akiuliza. Lilikuwa swali la kipumbavu, swali ambalo wagonjwa walimuuliza yeye.

"Ni yako, mwalimu," alisema binti kwa sauti ndogo.

Alipeleka mikono tumboni, juu ya kitovu, vidole huku na vidole huku, kama alivyowafundisha vijana miaka yote. Ukihisi vidole vinasukumwa kando kila moyo unapopiga, aliwaambia, usipoteze muda, mwite daktari wa upasuaji. Alitazama vidole vyake vikiachana. Vikarudi. Vikaachana tena. Matumbo ya mji mzima yalipita chini ya mikono ile, na hili moja, lililokuwa likilala naye kila siku, hakuwahi kuligusa. Halafu akaukumbuka mgongo. Kiti! Alikuwa amekilaumu kiti!

"Sawa," alisema, akijaribu kuinuka huku akijifuta jeli kwa gazeti. "Kesho asubuhi nitakwenda hospitali. Mchana huu wagonjwa wananisubiri."

Binti alimwekea mkono begani. "Usiinuke, mwalimu. Mgongo unakuuma?"

Macho yake yakaenda kwenye mto.

"Anatembea na mto!" alisema daktari wa macho, na sauti yake ilikwaruza kana kwamba atalia. "Mto, jamani, na mimi namtania!"

Binti aliinama mpaka macho yao yakakutana. "Mgonjwa mwenye mshipa kama huu, na mgongo unamuuma. Anaweza kusubiri mpaka kesho?"

Swali hilo yeye mwenyewe aliwahi kumuuliza binti huyu, pembeni ya kitanda cha kliniki. Ukumbi wote ulingoja.

"Hawezi," alisema, akajilaza.

Wakati gari la wagonjwa likiitwa, alimpigia mkewe.

"Mama watoto, napelekwa kupasuliwa."

"Acha utani wako. Pointi umepata?"

"Mshipa mkuu umevimba tumboni. Na ule mgongo..."

Upande wa pili kitu cha bati kilianguka sakafuni. Mkewe alikuwa nesi, hakuhitaji maelezo.

"Umekaa au umelala?"

"Nimelala."

"Basi usinyanyuke! Ukinyanyuka nitakuua mimi kabla ya huo mshipa."

Mshipa ulikuwa umeshaanza kuvuja, daktari wa upasuaji aliwaambia baadaye. Hadi jioni usingengoja.

Alipozinduka, mkewe alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, ameukalia ule mto. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Wagonjwa wangu?" aliuliza.

"Binti yule kaenda kuwaona. Nimesikia anawashika tumbo kwanza, halafu mashine."

Alitaka kucheka, kukauma. Akaupeleka mkono taratibu kwenye tumbo lake, ukasimama juu ya bandeji bila kugusa, kama mkono wa mtu asiyeijua kazi.