Rangi Juu ya Ukuta wa Mzee Nguma

Ruwa alipoleta mafundi wa rangi, dada yake Dorcas alikuwa barazani akipara samaki, na hakuinuka. Fundi mmoja alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba bila kuinua uso, akazidi kurusha magamba pale pale walipotaka kupita. Salamu ni haki ya mtu hata akitumwa na shetani. Kupishwa njia ni jambo jingine.

Nyumba yenyewe iko Junda, huku pwani, vyumba vinne na baraza, na hati ina jina la Ruwa peke yake. Baba yao, Mzee Nguma, aliiandika hivyo kwa kuwa Ruwa ndiye mwana wa kiume. Aliyemuuguza mzee miaka sita, akamlisha na kumwosha, ni Dorcas. Ruwa alikuwa Nairobi akituma pole kwa simu. Mzee alipozikwa, Ruwa akashuka na mabegi mawili na tangazo lake: nyumba inauzwa.

Mchungaji aliwaketisha, wakapigiana kelele hadi watu wakajaa mlangoni, na mwisho ikakatwa hivi, wote wawili wakatia sahihi. Ruwa ana muda hadi Krismasi. Akipata mnunuzi, Dorcas atahama. Asipopata, dada yake atakaa humo mpaka afe, na asisumbuliwe tena.

Basi kila brashi iliyogusa ukuta ilikuwa inamfukuza Dorcas. Ruwa alipaka kuta zote za nje rangi ya maziwa, akazungusha mstari wa kahawia chini, akabadilisha geti, akatandaza matofali ya kabro mbele ya nyumba, akaweka mitungi ya maua kila upande wa mlango. Dorcas alimwaga maji ya samaki kwenye kabro mpaka inzi wa Junda nzima wakahamia pale. Maua yaliliwa na mbuzi wa jirani, na aliyewafungulia geti ni yeye mwenyewe, mchana kweupe.

"Wee Dorcas, una nini lakini? Watu wazima tunaumbuana mbele ya majirani!"

"Umbuka peke yako. Mimi niko kwetu."

"Kwenu wapi? Uliweka hata jiwe moja hapa?"

Hapo alimgusa pabaya. Nyumba ilipojengwa, Dorcas alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na Ruwa yuko darasa la pili. Mzee hakuwa na cha kuwalipa vibarua. Dorcas ndiye aliyekoroga simiti kwa koleo, ndiye aliyebeba mawe kichwani mpaka nywele za utosini zikakatika. Majirani walichota mchanga wa bure ufuoni. Mzee alikataa katakata, akisema chumvi ya bahari huutafuna ukuta ukasimama kwa aibu tu. Walingoja mchanga wa mto uletwe kwa lori kutoka bara, na mara nyingine waliungoja miezi mitatu. Ruwa alikuwa akiyajua yote hayo. Aliamua kuyasahau, na mimi mtu wa namna hiyo simwezi.

Mnunuzi wa kwanza, Dancun wa Changamwe, alikuja Oktoba. Dorcas alimnong'oneza kwamba darini mna chatu, na bwana wa watu hakukaa hata kuoneshwa choo. Waliofuata, mke na mume, aliwaambia jikoni hulia mtu asiyeonekana. Waliondoka wakikemea pepo. Alidanganya, ndiyo, na hakutubu.

Siku kumi kabla ya Krismasi akaja Nafula, mama wa makamo mwenye malori ya mchanga na kokoto kule Miritini. Dorcas alimsogelea na chatu wake.

"Chatu hutolewa," akasema Nafula.

"Na huyo anayelia jikoni?"

"Nikihamia mimi atanyamaza."

Mama huyo hakuyatazama mabaki ya maua wala geti. Alitembea kando ya ukuta akiugonga kwa vidole, kisha akasimama akacheka kwa dharau.

"Rangi mpya hivi inaficha chumvi. Nyumba za huku nazijua. Wazee wenu walikuwa wavivu, walichota mchanga wa bahari wakajenga, sasa nyinyi mnatupaka rangi machoni. Hii sinunui." Akatia mkoba begani.

Ruwa alibabaika. Akamwonyesha geti jipya, maana mambo ya mchanga alikwisha kuyasahau.

Dorcas alitakiwa kunyamaza tu. Mnunuzi anaondoka, Krismasi hiyo inakuja, nyumba ni yake. Angeuma ulimi! Lakini baba yake ameitwa mvivu, na mori ukampanda.

"Koma, mama! Baba yangu mvivu?" Aliufuata ukuta na kisu chake cha samaki, akakwangua rangi ya Ruwa, akaichimba na plasta mpaka jiwe na simiti vikaonekana. "Tazama! Mchanga wa mto huu, nimeukoroga mimi kwa mikono hii. Lamba! Lamba uone kama una chumvi!"

Nafula akalowesha kidole kwa ulimi, akakigusisha ukutani, akalamba. Akachokoa simiti kwa ufunguo, isidondoke hata punje. Dorcas alimkwangulia mahali pengine patatu, hasira zikimtoka na kila kitu: msingi ulikwenda chini kiasi gani, zege la juu ya madirisha lilimwagwa vipi. Ruwa alimwacha aendelee, kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na akili.

"Ukuta kama huu upande huu sijauona," akasema Nafula. "Naichukua. Na aliyejenga ni wewe, mama?"

"Ni yeye," akadakia Ruwa upesi. "Dadangu huyu ndiye aliyeijenga nyumba hii, jiwe kwa jiwe."

Dorcas alimtazama ndugu yake. Maneno hayo aliyataka mbele ya mchungaji, akanyimwa. Leo ameyapata, na yametolewa kumfurahisha mnunuzi.

Nafula alimwuliza kwa upole kama ataweza kuhama kabla ya mwaka mpya.

"Nitaweza," akasema Dorcas. "Lakini huyu asikanyage ndani mpaka nitoke."