Chupa ya Maji Matupu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2008, sikugusa udongo hata chembe. Mkuu wa maabara, Mkongo wa Lubumbashi aliyenyooka kama rula, alinisimamisha kwenye sinki kutwa nzima nioshe chupa. Nilikuwa nimefundisha kemia Bujumbura miaka mingi, kwa hiyo nilinuna waziwazi. Maabara yetu ilikuwa mtaa wa Jacobs, katikati ya viwanda, naye aliamini moshi wa nje unapenya hata kizibo. "Mama Divine," aliniambia, "huku adui haonekane. Unaosha, unasuuza, kisha unaosha tena."

Kazi yetu ilikuwa kupima nitrojeni ya udongo. Ninyi vijana wa maabara mnaobonyeza mashine tu, ngojeni niwaeleze. Tulitikisa udongo ndani ya maji ya chumvi, tukachuja kwa karatasi, kisha tukatia dawa. Kama kuna nitrati, yaani nitrojeni iliyo tayari kunywewa na mizizi, maji hugeuka waridi. Na kila mara tulibeba chupa moja isiyo na udongo, maji matupu, ikapita hatua zote pamoja na zile nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi wetu. Ikipata rangi, kuna uchafu mahali, na kazi yote ya siku hiyo ni bure.

Miaka michache baadaye akaja Nekesa, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Alikuwa ametoka kwenye misitu ya kaskazini kabisa, kule theluji inakolala miezi na miezi, akarudi na udongo uliogandishwa. Mwingine ulichotwa chini ya miti iliyosimama, mwingine mahali ilipokatwa yote karibuni, na mwingine palipokatwa zamani kidogo. Alitaka kujua shoka linafanya nini chini ya ardhi. Nilipofungua mfuko wa kwanza, ukanukia uyoga na mvua, nikajikuta nanong'ona bila sababu.

Tulipopima, chupa za msitu uliosimama zilipata rangi hafifu, za uliokatwa karibuni zikakolea. Nekesa alikuwa ameanza kutabasamu wakati mkuu alipoinua chupa ya maji matupu dirishani. Nayo ilikuwa waridi.

"Hii pia iko na rangi," akasema. "Basi hakuna kipimo. Yote tunamwaga."

Nekesa alinigeukia mimi. "Mama, huo ni mwaka wangu mzima."

Udongo uliobaki kwenye friza ulitosha kurudia mara moja tu.

Mkuu alikuwa mkali, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Alikunja mikono ya shati, akasema tumtafute adui kwanza. Tukajaribu maji peke yake, hayakupata rangi. Chumvi, hakuna kitu. Chupa nilikuwa tayari kuzitetea hadi mahakamani, nazo zikatoka safi. Ikabaki karatasi ya kuchujia, pakiti mpya, imefungwa vizuri kutoka kiwandani. Tukapitishia maji, yakageuka waridi. Tulikuwa tumeosha kila kitu isipokuwa kile kilichokuja kikionekana safi.

Tukazisuuza karatasi kwa maji ya chumvi, kisha tukatoa udongo wa mwisho. Chupa ya maji matupu ikabaki angavu. Ya msitu uliosimama, angavu vilevile. Ya uliokatwa karibuni ikawa waridi iliyoiva. Nekesa akalia.

"Miti ikiwa hapo inakunywa nitrati yote," alinieleza akijifuta macho. "Ukiikata, vijidudu vya udongo haviachi kazi. Vinaendelea kupika, lakini hakuna wa kunywa. Mvua inabeba mpaka mtoni."

Kisha akanionyesha chupa ya mahali palipokatwa zamani kidogo, ambapo magugu yalikuwa yamerudi. Ilikuwa na rangi kidogo mno. Mimi mtu mzima, mwalimu, nilikuwa nikidhani msitu ni miti. Nilikaa chini kwa mshangao.

Nilistaafu mwaka 2015. Mwaka huohuo waliukata mti mkubwa mbele ya nyumba tunayopanga, mtaa wa Morningside. Majirani walitazama juu, wakausifu mwanga. Mimi nilitazama chini. Mvua ziliponyesha, magugu yakaota kuzunguka kisiki, na mtunza bustani akaja na bomba la dawa mgongoni. Nikatoka na kanga yangu, nikasimama mbele yake.

"Mama, iko magugu tu," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Yaache yanywe."