Maji ya Mtungi wa Mama Mdogo

Naikumbuka vizuri sana asubuhi ile, ingawa kwa miaka mingi kila nilipoulizwa nilisema siikumbuki. Niliketi mkekani nyumbani kwa mama mdogo, upande wa delta ya Rufiji, nikanywa chai, nikatangaza mbele ya watu: "Sasa pampu yenu imekuwa nzuri. Hata chumvi haisikiki." Mwanangu, niliyasema maneno hayo. Mashahidi wapo hai, na kumbukumbu zao ni nzuri kuliko yangu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu siku si nyingi, nina kazi ndogo ya ofisini Kibiti na maoni makubwa juu ya kila kitu. Kijijini kwa mama mdogo kulikuwa na maji ya aina mbili. Ya mtoni yalikuwa matamu, ila yalikuwa na rangi ya chai kabla hujatia majani. Ya pampu yalikuwa safi machoni lakini ya chumvi, kwa sababu huko bahari huingia chini ya ardhi bila kubisha hodi. Mimi nilijifanya mpiga debe wa pampu. Kila nilipokwenda nilihubiri: ya pampu ndiyo ya kunywa, ya mtoni fulieni.

Mama mdogo alinisikiliza huku anafukiza mtungi. Aliuinamisha juu ya chetezo cha ubani mpaka moshi ukaenea ndani, maana kwake mgeni hapewi maji yasiyonukia, wala hapewi maji ya kumkunja uso.

"Haya, msomi wetu," akasema mwishowe. "Ya mtoni tumeacha kunywa. Utulie sasa, unywe chai yako."

Nikatulia. Lisilotulia lilikuwa tumbo la Shabani, mtoto wa Zuhura, mkwe wa mama mdogo. Shabani ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea. Akawa anaharisha, anapona, anaharisha tena, hadi akaacha kutembea na kurudi kutambaa. Nesi wa zahanati alisema ni maji. Zuhura akaapa kwamba mtoto anakunywa ya pampu. Nesi akamwambia akimrudisha tena katika hali ile atampa rufaa ya hospitali kubwa, na aombe wafike naye akiwa hai.

Hapo nilichanganyikiwa, na sikuwa peke yangu. Niliishuku pampu, nikaenda kuinusa. Sijui nilitegemea inuke nini. Nikaushuku ubani. Nikaishuku kata ya kifuu waliyotekea maji. Mwisho nikamshuku Zuhura mwenyewe, nikamuuliza kama ananawa mikono.

"Wifi, mimi nanawa mpaka mikono imekuwa ya mtu mwingine," akajibu. "Njoo ukae hapa, unawe wewe."

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba chai yangu ilitoka kwenye mtungi uleule, na mimi sikuumwa.

"Labda tumbo lako nalo limesoma," akasema Zuhura, bila kucheka.

Hakuwa na sababu ya kucheka. Majirani walikwisha kunong'ona kwamba ni mchafu, na mumewe alianza kusema mtoto apelekwe Mtawanya akalelewe na shangazi yake. Kila nilipoondoka pale nilimwacha anamtazama Shabani kama mtu anayeaga.

Kisha nikiwa stendi ya Kibiti, katikati ya bodaboda na wauza korosho, simu ikaita. Ni Zuhura.

"Wifi, Shabani hajambo. Anafukuza kuku."

"Mmempa dawa gani?"

"Hatujampa kitu. Mama alikwenda msibani Bungu. Mimi peke yangu na mtoto mgonjwa mgongoni, mtoni sikuweza kufika. Basi tukawa tunakunywa ya pampu matupu."

"Matupu vipi? Si ndiyo mnayokunywa siku zote?"

Alidhani namtania.

"Wifi, ya pampu yenyewe nani anayaweza? Tunatia ndoo ya pampu, tunatia na ya mtoni kukata chumvi. Kila nyumba hapa wanafanya hivyo. Na wewe ulikunywa ukayasifu. Mama akasema, basi, msomi kakubali."

Nikakaa juu ya kiroba cha mtu nisiyemjua. Hakuna aliyenidanganya. Ya mtoni walikuwa wameacha kweli, wameacha kuyanywa peke yake. Mimi nilikunywa yaliyochemshwa kwa chai. Mtoto aliyanywa mabichi, kwa kata.

"Mama karudi jana," Zuhura akaongeza, sauti imeshuka. "Ameshajaza mtungi kama kawaida. Mimi mkwe, siwezi kumwambia. Ngoja nimpelekee simu, mwambie wewe."

Wakati namsikia anavuka ua, mwanangu, nikupe nasaha yangu. Ukienda kwa watu na elimu yako, usiwaulize wanakunywa maji gani, kwani watakujibu kwa adabu. Nenda nao kuteka, rudi nao, kaa mpaka umwone mtoto akinywa. Na kabla hujamwambia mtu aache maji matamu, yanywe hayo ya chumvi wewe kwanza, siku nyingi, bila chai. Mimi sikuyanywa. Mpaka leo sijui vizuri ningemwambia nini mtu ambaye maji anayoyapenda yanamuuguza, na yaliyo salama anayatema. Ile haikuwa jeuri wala ujinga. Ilikuwa chumvi.

Mama mdogo akashika simu. Nikamweleza yote, na nikamwambia kwamba yanayotoka mtoni lazima yachemke kwanza, hata kama ni kidogo tu ya kukatia chumvi. Hakunikatiza. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake kuku wanalia.

"Kumbe ni mkono wangu," akasema.

"Mama, hukujua. Hata mimi sikujua."

"Mjukuu wangu, kwa mkono wangu." Nikamsikia akimgeukia mkwewe: "Zuhura, umwage huo mtungi. Wote. Kuni zikipatikana tutachemsha, zisipopatikana mgeni atakunywa chumvi pamoja na sisi, na akitaka kunisema akaniseme." Kisha akanirudia mimi: "Nawe, Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu. Akujaalie watu wa kukwambia mapema."

Akakata simu.