Nauli ya Kumzika Mama

Nilipoacha kazi ya kutunza wazee kule Garland, Marekani, nikasome uuguzi Houston, kozi ya haraka isiyokuachia nafasi ya kibarua, niliwaomba Watanzania wenzangu wanichangie ada. Nilishachangia harusi zao, ubarikio wa watoto wao kanisani, hata misiba ya watu nisiowajua. Mwenyekiti wa kamati yetu ya michango akanijibu kwa upole, "Dada, sisi tunachangia shughuli. Shule ni jambo lako binafsi." Nilinuna mwezi mzima.

Kila Jumapili mama alinipigia kutoka Moshi kuniuliza nimekula nini. Nilimwambia wali kwa samaki. Nilikuwa nakula mkate mkavu na chai.

Muhula wa mwisho ulipoanza, mama akafariki. Jioni ile ile kamati ikakutana, na baada ya siku mbili walewale walioninyima ada wakaniletea rambirambi, bahasha nene ya kutosha nauli ya kwenda kumzika na kurudi. Ada nilikuwa sijalipa, na chuo kilisema anayekosa wiki moja ya mazoezi ya wodini anaanza upya.

Sikwenda. Nililipa ada. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa garini nje ya hospitali na sare yangu mpya, sauti ikikatikakatika.

Sasa mimi ni muuguzi, na nauli ya Moshi ninayo wakati wowote. Jumapili napika wali kwa samaki, naweka simu karibu na sahani, nakula polepole.